Bastola ya Toleo la Kati

Juzi mtoto wa dada yangu aliingia dukani kwangu akaniwekea simu yake chini ya pua. Kwenye kioo kulikuwa na picha ya bastola nyeusi, mtutu mrefu mwembamba, imelazwa juu ya kitambaa chekundu. Mnada wa huko ng'ambo, akasema, kuna watu wanazikusanya kama wengine wanavyokusanya stempu. Nikatafuta miwani, nikaitazama vizuri, nikamwambia, "Wameandika toleo la kwanza, lakini waongo hao. Angalia kibano cha magazini kilipo. Na hiyo mipini siyo yake, imebadilishwa." Kijana akanikodolea macho. Wateja wawili waliokuwa wakichagua vitenge nao wakaacha kuchagua.

Na wewe usinitazame hivyo. Mimi ni muuza vitenge, nina wajukuu, na bastola sijaishika tangu nikiwa msichana mdogo Katubuka, Kigoma. Lakini vitu ulivyojifunza kwa vidole havitoki. Nitakusimulia nilivyovijua, ila nikuonye mapema kwamba mimi ni mtu wa kushuku. Nikinunua sukari kilo moja, nikifika nyumbani naipima. Marehemu mume wangu alikuwa akisema nitakuja kukagua hata kaburi langu kama limechimbwa sawasawa. Sikuzaliwa hivi. Nilifanywa hivi, na waliofanya kazi hiyo ni watu walionipenda.

Nililelewa na bibi mzaa baba, kwa sababu wazazi wangu walihamishiwa Mpanda kikazi na shule za huko hawakuziamini. Bibi alikuwa mchuuzi wa dagaa. Mitumbwi ikirudi asubuhi pale Kibirizi, yeye alikuwa tayari ameshasimama mchangani na ndoo zake, anabishana bei. Sisi tunaanika, mimi kazi yangu kugeuza na kufukuza kunguru, na wakikauka tunajaza magunia yanayopanda treni kwenda kwa mshirika wake Tabora. Mikono yangu ilinuka dagaa hata siku ya ubatizo wangu. Chakula chetu kilikuwa ugali wa muhogo, na mgebuka wa kuchoma, samaki wa ziwa letu, au maharage yaliyoungwa kwa mawese mpaka mchuzi unakuwa mwekundu kabisa. Leo nikipita mahali nikasikia harufu ya mawese yakichemka, nasimama njiani, watu wananipita.

Kwenye ua huohuo aliishi baba mkubwa, kaka yake baba. Alikuwa karani wa mizigo reli, hakuoa, na shati lake lilipigwa pasi hata siku ya kuchimba choo. Ujana wake alikuwa mlenga shabaha katika klabu ya wafanyakazi wa reli. Kulikuwa na uwanja mdogo nyuma ya yadi ya mabehewa, na meneja mmoja mgeni alimfundisha. Meneja huyo alipoondoka nchini alimuuzia bastola yake, kwa leseni, kila kitu halali. Baada ya hapo kila mgeni mwenye bastola ya shabaha aliyefunga mizigo alipitia kwa baba mkubwa kwanza: mara injinia wa meli, mara mganga wa misheni, mara mpima madini. Watu wengine wa Kigoma walinunua kwa hao wageni magodoro na majokofu. Yeye alinunua bastola, na alizinunua za aina moja tu, za kiwanda kimoja, zile za risasi ndogo ya mazoezi.

Hiyo risasi ni ndogo kuliko unavyodhani, kama kifundo cha kidole changu cha mwisho. Bastola za vita hugonga risasi katikati ya kitako chake. Hizi zinagonga ukingoni, pembeni, na mlio wake ni mkavu na mdogo, kama mtu amevunja kijiti. "Bunduki ya vita ni ya kupigia kelele," baba mkubwa alikuwa akisema. "Hii ni ya kuandikia."

Jumapili baada ya chakula alitoa sanduku la bati chini ya kitanda, akatandika shuka kuukuu juu ya mkeka, akazilaza zote nne. Kwanza alinionyesha kwamba kila moja ni tupu. Halafu akaniambia, "Fumba macho. Acha kutazama, shika." Nikawa nashika. Nilizijua kwa majina aliyozipa. Mwembamba ilikuwa ya zamani kuliko zote, toleo la kwanza, mtutu wake unapungua kuelekea mdomoni, na kibano cha kutolea magazini, kile kikasha cha risasi, kipo chini kabisa ya mpini, kwenye kisigino. Mnene ilikuwa ya baadaye: mtutu umenenepa sawasawa toka mwanzo hadi mwisho, mzito mbele ili mkono usitetemeke, na kibano kimepanda juu karibu na kidole gumba, kitufe cha kubonyeza. Nyingine ilikuwa na mpini wenye kijukwaa cha kuegeshea gumba, ukiishika kwa mkono wa kushoto inakukataa. Ya nne ilikuwa ya bei nafuu, kiwanda kilibana matumizi, na mistari ya kuzuia utelezi nyuma ya mpini hawakuichonga. Nikikosea alinyamaza tu mpaka nijirekebishe. Nikipatia alinyamaza vilevile, lakini alinipa pipi.

Na kulikuwa na ya tano, ambayo hatukuwa nayo. Baba mkubwa aliiita toleo la kati. Alisema kiwanda kilipokuwa kinahama kutoka muundo wa zamani kwenda mpya, kulikuwa na kipindi kifupi ambacho mafundi walimaliza vyuma vya zamani kwanza, wakafunga mtutu mnene wa kisasa juu ya mpini wenye kibano cha chini cha zamani. Chache sana zilitoka hivyo. Injinia wa meli ndiye aliyemsimulia, na tangu siku hiyo baba mkubwa aliitafuta kwa kila mgeni aliyepita. Alikuwa anaizungumzia kama watu wanavyomzungumzia mchumba aliyeolewa na mwingine. Bibi alikuwa akimsikiliza huku anapepeta, kisha anasema, "Ukimpata huyo wa tano tukupelekee posa au?" na baba mkubwa anacheka kidogo, pembe moja ya mdomo.

Halafu ikaja ile miaka ya wakimbizi. Walikuja kwa barabara na kwa ziwa, Warundi wengi kwanza, baadaye na wa kutoka Kongo. Asubuhi moja niliwakuta Kibirizi wamekaa kwenye mchanga wetu wa kuanikia dagaa, familia nzima nzima, na Bibi hakuwafukuza. Alianika kando yao. Jumamosi ya wiki hiyo baba mkubwa alikwenda uwanjani kulenga kama kawaida. Alipopiga risasi ya kwanza, mama mmoja mkimbizi aliyekuwa anapita njia ya nyuma ya yadi na mtoto mgongoni alijitupa chini kifudifudi, akabaki hapo. Baba mkubwa alikwenda kumwinua mwenyewe. Hakupiga tena risasi mjini. Aliendelea kuzisafisha tu na kuzipaka mafuta.

Lakini mjini maneno yalianza. Ilisemekana silaha zinavuka ziwa chini ya samaki. Ilisemekana kuna watu Ujiji wana nyumba mpya na hawana kazi. Jirani yetu, mama aliyeshirikiana na Bibi kusafirisha magunia, alikuwa na kipaji cha kujua taa ya nani imewaka mpaka saa ngapi. Alikuwa akija kuomba chumvi, macho yake yanazunguka uani kote kabla hajapewa. Watoto shuleni tuliacha kuambiana nyumbani kwetu tumekula nini, maana ukisema nyama utaulizwa pesa imetoka wapi. Mimi mwenyewe nilianza kutega sikio kila penye watu wawili wanaoongea chinichini. Asikwambie mtu, ukishaanza mchezo huo huuachi.

Katikati ya hayo Bibi akatuletea mkimbizi ndani ya ua. Alikuwa kijana seremala kutoka Burundi, mpole, anatembea na patasi zake zimefungwa kwenye kitambaa kama mtoto mchanga. Sheria ilikuwa wakimbizi wakae kambini, na kutoka bila kibali ilikuwa kosa, lakini watu wengi wa mjini walikuwa na mkimbizi wao wa kulima au kuchunga. Sisi wetu alilala stoo, akatutengenezea vitanda na meza. Nilimwita kaka fundi. Yeye na Bibi walielewana haraka kwa sababu Kiha cha Bibi na Kirundi ni ndugu. Jioni alikuwa akiingia jikoni na "Mwiriwe" yake, salamu ya jioni ya kwao, wanaanza kuongea taratibu, na mimi niliyezoea Kiswahili cha shule nabaki nimeshika nusu. Jirani alikuwa akiwasikia kutoka ng'ambo ya ua. "Bibi yako ana siri na yule," aliniambia siku moja huku ananisuka. Niliinamisha kichwa aendelee kusuka. Lakini neno liliniingia.

Baba mkubwa naye alimpenda seremala, kwa sababu zake. Mpini wa Mwembamba ulikuwa wa plastiki ngumu ya zamani, na ulishapasuka. Akamwomba kaka fundi amchongee mwingine wa mninga. Nilikuwepo. Baba mkubwa alimpa bastola, tupu, akageuka kwenda kutafuta bisibisi. Kaka fundi akaipindua mara moja, akabonyeza kibano cha kisigino, magazini ikamdondokea kiganjani. Hakuna aliyemwonyesha. Mimi nilihitaji Jumapili kadhaa kukijua kibano kile. Aliponiona namtazama, akarudisha magazini mahali pake, akaanza kupima mpini kwa uzi.

Nilimwambia Bibi siku hiyohiyo. Alikuwa anachekecha unga wa muhogo. Akasema, "Aliyetoka huko ameziona bunduki, mwanangu. Hata watoto wa kule wameziona." Akaendelea kuchekecha. Jibu lilikuwa zuri, na bado halikunitosha, wala halijanitosha mpaka leo.

Mpini ulipokamilika ulikuwa kitu cha kupendeza. Mwekundu uliokolea, una mistari ya mti, na umechongwa vimiraba vidogo vidogo vya kuzuia utelezi. Ulinukia mti mbichi. Baba mkubwa, ambaye kwa kawaida kipande kisicho cha kiwandani kilimuuma kama jino, aliufunga kwenye Mwembamba na kuacha ukae. Ile plastiki iliyopasuka aliiviringisha kwenye kitambaa akaihifadhi.

Muda si mrefu jirani akaja na habari kwamba kutakuwa na msako wa nyumba kwa nyumba. Wanatafuta silaha, na wanatafuta wakimbizi wanaoishi mjini. "Na ninyi mna vyote viwili," akasema, akaondoka na chumvi yake. Baba mkubwa hakujali, leseni zake zilikuwa safi. Bibi alijali. Nilimwona anazunguka uani siku nzima bila kazi, yeye ambaye hakuwahi kukosa kazi. Kesho yake ikaja habari ya msiba wa ndugu yake kule Kalinzi, akapanda mlimani na kanga ya kujifunga kichwa. Akiwa huko jirani akasema treni ya mizigo itaondoka mapema kuliko ilivyopangwa, akaita mkokoteni, magunia yote ya dagaa yaliyokuwa stoo yakaondoka kwenda stesheni. Mimi ndiye niliyeshikilia kamba wakati yanafungwa. Bibi aliporudi aliuliza kitu cha kwanza kabisa, kabla hata ya kupokewa mzigo: "Magunia yangu yako wapi?" Nilipomwambia, alikaa chini kwenye vumbi, na kanga yake safi. Akasema magoti, mlima wa Kalinzi umemmaliza. Nikaandika moyoni kwamba magoti hayaulizi magunia.

Msako haukuja. Kilichokuja ni agizo kwamba wote wenye leseni wapeleke silaha zao kituoni zikaguliwe. Baba mkubwa akatoa sanduku lake, akatandika shuka, akafungua. Mnene ilikuwepo, na zile nyingine mbili. Mwembamba haikuwepo. Alipekua chumba kizima, akang'oa hata godoro. Halafu akatoka nje, akasimama mbele ya stoo. Kaka fundi hakuwepo. Alikuwa ameondoka tangu jana yake kwenda Kidahwe kutafuta mbao.

Ulimwengu huu haukosi kukupa jibu unapolitaka vibaya. Jioni ileile habari zikaenea kwamba gari la abiria limetekwa barabara ya Kasulu, mbele kidogo ya Kidahwe. Hakuna aliyekufa. Majambazi walikimbia na pesa, mmoja akadondosha bastola ndogo kichakani. Na karibu na hapo askari walimkamata kijana wa Kirundi asiye na kibali, ana patasi kwenye kitambaa. Nilipolisikia hilo nilikumbuka kiganja chake na ile magazini. Nilijiambia, ndiye. Mtaa mzima ulijiambia hivyo, na jirani alisema alijua tangu siku ya kwanza.

Bibi peke yake hakusema kitu. Asubuhi akachoma migebuka miwili, ile minono, akasonga ugali, akafunga kwenye hotipoti, akanibebesha. Tukaenda kituoni, maana mahabusu asiye na ndugu halishwi chochote cha maana. Njiani nikamuuliza, "Bibi, ndiye aliyemwibia baba mkubwa, mbona tunampelekea chakula?" Akaniambia nitazame ninapokanyaga. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilimshuku bibi yangu mwenyewe. Nilidhani jirani alisema kweli, kwamba walikuwa na lao.

Baba mkubwa alishaitwa kabla yetu. Tulimkuta amekaa mbele ya meza ya mkuu wa kituo, shati limepigwa pasi, mikono kwenye magoti. Sisi tukakaa kwenye benchi la ukutani na hotipoti yetu. Kaka fundi walimleta, wakamkalisha sakafuni karibu na mlango, uso umevimba upande mmoja. Bibi akafungua hotipoti, akamnawisha mikono, akamwekea chakula. Askari hawakumzuia. Akaanza kula taratibu, anatafunia upande mzima.

Mkuu wa kituo hakuwa mtu mbaya. Alimheshimu baba mkubwa. Akamwekea bastola mezani, akasema, "Shikamoo Mzee. Namba wameisugua kwa tupa, hatuwezi kuisoma. Mipini imetolewa, wamezungushia mpira wa baiskeli. Lakini ni hizi hizi zako za shabaha, za risasi ndogo. Mjini hapa hakuna mwingine mwenye hizi, na moja yako haionekani. Itambue, useme ni yako, uweke sahihi. Kesi ikiisha utarudishiwa." Akatupa jicho mlangoni. "Huyu atakwenda mahakamani, na akimaliza kifungo atarudishwa kwao."

Wote tulijua kwao kulikuwa na nini. Kaka fundi aliacha kutafuna.

"Na isipokuwa yangu?" baba mkubwa akauliza.

"Basi yako iko wapi? Hapo nitakuwa na swali kubwa zaidi, Mzee wangu. Leseni nitazifuta zote, na hizo zilizobaki nitazichukua. Na wewe utanieleza."

Baba mkubwa akaichukua. Akahakikisha ni tupu, akafumba macho. Kule kwenye benchi mimi niliona kabla yake, au labda wakati mmoja na yeye, kwa sababu mafunzo yake yalikuwa yananifanyia kazi kichwani. Mtutu ulikuwa mnene, sawasawa toka mwanzo hadi mwisho. Kidole chake kikatafuta kitufe karibu na gumba, hakikukikuta. Kikashuka chini, kwenye kisigino, na pale kikakikuta kibano. Kidole kikasimama. Kikarudi kwenye mtutu, kisha kwenye kibano tena. Ilikuwa toleo la kati. Ile ya tano. Imekuja yenyewe, imewekwa mezani mbele yake, na alichotakiwa kusema ni neno moja tu.

Akafumbua macho lakini hakuiweka chini. Aliipapasa mgongoni, akaisogeza karibu na dirisha, akaigeuza upande. Sijawahi kumwona mtu anakitaka kitu vile. Mkuu wa kituo akamsogezea kalamu. Bibi aliushika mkono wangu, akaubana mpaka ukauma, na hakuwa akimtazama kaka fundi wala bastola. Alikuwa anautazama mdomo wa mwanawe.

"Si yangu," baba mkubwa akasema.

"Mzee, fikiri vizuri."

"Nimeshafikiri. Yangu mtutu wake ni mwembamba. Hii sijawahi kuwa nayo." Akaiweka mezani, akaisukuma mbali kidogo, kisha akairudisha mikono yake kwenye magoti.

Mkuu wa kituo akapumua, akavuta kiti. "Haya. Yako iko wapi?"

Hapo ndipo Bibi aliposimama. Akasema, kwa Kiswahili chake cha mlimani, "Yake imekwenda Tabora." Kila mtu akamgeukia. "Niliifukia mimi kwenye gunia la dagaa. Nilisikia msako unakuja. Nikaona ule mpini mpya, mtu yeyote akiunusa atajua umechongwa juzi, atauliza nani kauchonga. Nikasema msako ukipita nitairudisha. Nikaenda msibani, gunia likapakiwa."

Askari mmoja alicheka, akajizuia. Ni nani atakayechovya mkono ndani ya gunia la dagaa kutafuta bastola? Mbwa wa polisi mwenyewe angelewa harufu. Bibi alikuwa ameficha vizuri kuliko alivyotaka.

Walipiga simu Tabora. Gunia lilipatikana, lakini lilishafunguliwa sokoni na kuuzwa kwa vikopo, na hakuna aliyekiri kukuta chochote zaidi ya dagaa. Mtu fulani Tabora alikwenda nyumbani na toleo la kwanza lenye mpini wa mninga, na nikikutana na mtu wa Tabora mpaka leo namtazama mara mbili. Bibi alifokewa, akaachwa kwa ajili ya umri wake. Leseni za baba mkubwa zilifutwa. Alizipeleka kituoni mwenyewe zile tatu zilizobaki, amezipaka mafuta. Kaka fundi hakushtakiwa kwa utekaji, ila kosa la kutoka kambini lilibaki, wakampandisha lori kumrudisha kambini. Kabla hajapanda alimgeukia Bibi akainamisha kichwa. "Urakoze, mama," akasema, akimshukuru kwa samaki. Bibi aligeuka, akajifunga kanga upya. Lori likaondoka, na sisi hatukumwona tena, wala hatukusikia kama alirudi kwao au la.

Uwanja wa shabaha nyuma ya yadi sasa umejaa nyumba. Nilipopita mara ya mwisho kulikuwa na mama anaanika nguo mahali palipokuwa pa karatasi za shabaha, na nilipomwambia watu walikuwa wakipiga bastola hapa alivuta mtoto wake karibu. Yadi yenyewe mabehewa yameoza. Baba mkubwa aliishi miaka mingi baada ya hapo na hakuzungumzia tena matoleo. Mara moja tu, nikiwa tayari nimeolewa, nilimuuliza kama pale mezani alitaka kusema ndiyo. Akasema, "Nilishasema ndiyo. Moyoni nilisema mara ya kwanza nilipokigusa kile kisigino. Sijui kwa nini mdomo haukutii." Nilimpenda zaidi kwa jibu hilo, kwa sababu hakujifanya malaika.

Lakini swali lililokuwa likinila mimi halikuwa lake. Nilipokuwa mtu mzima nilikaa nikaipanga ile asubuhi upya, kama ninavyopanga kila kitu. Bibi alijua tangu mwanzo bastola iko wapi. Alijua kaka fundi hana hatia wakati anamnawisha mikono. Na hakufungua mdomo mpaka swali lilipomgeukia mwanawe. Nilikaa na hesabu hiyo miaka, siitaki.

Alipokuwa anaugua, ile mara ya mwisho, nilikwenda Katubuka kumuuguza. Mchana mmoja tukiwa wawili tu nikamuuliza. Nilimuuliza taratibu, kama mtu anayeuliza habari za mvua. "Bibi, ule wakati kituoni. Kama baba mkubwa angesema ni yake, wewe ungesema?"

Alinigeuzia uso. Macho yake yalikuwa mazuri bado. Sikumwona akitafuta uongo, na mimi najua kuutambua.

"Ningempelekea yule mtoto samaki kila siku," akasema.